Jinzi Zinazoshonwa Dar: Mwongozo Kamili wa Kuanzisha Karakana Ndogo

Tuanze na bei, maana hapo ndipo wengi hukwama. Belo likifunguliwa asubuhi Karume au Tandika, jinzi ya mtumba ambayo bado ni nzima inauzwa kwa pesa isiyotosha hata kununua kitambaa cha suruali moja. Ukivuka barabara uingie Kariakoo, maduka yamejaa jinzi mpya za kontena. Karakana yenye cherehani nne Buguruni au Sinza haitashindana na hao kwa bei, leo wala kesho. Anayekuambia vinginevyo anataka kukuuzia cherehani.

Ila belo halijui kiuno cha mtu. Dada mwenye kiuno cha inchi 30 na hipsi za 44 anaijua adha hii: suruali ikishapita kwenye hipsi, nyuma ya kiuno linabaki pengo la kuingiza mkono, na mkanda hauliondoi, unalikunja tu. Kaka mwenye mapaja ya mcheza mpira naye ananunua namba mbili juu ya kiuno chake ili apumue. Suruali iliyokatwa kufuata mwili wa mwenyewe, kwa kitambaa ambacho fundi amekipima, na ambayo ikichanika inarudi kwa aliyeishona, hiyo ndiyo bidhaa yako. Habari ya kutunza mazingira nayo inaanzia hapo. Jinzi inayovaliwa miaka sita badala ya miwili inapunguza taka kuliko lebo yoyote ya kijani utakayoibandika kiunoni.

Ninayoyaandika yanamhusu mtu anayeanza na timu ya watu watatu hadi watano, anayetaka kutoa suruali chache nzuri kila wiki. Kama lengo ni kushona maelfu kwa ajili ya nje, hiyo ni biashara nyingine, na ndiyo inayofanyika kwenye eneo maalumu la viwanda vya kuuza nje, Mabibo.

Kitambaa: usinunue jora siku ya kwanza

Nunua mita moja moja ya aina tatu au nne, urudi nazo ukazipime. Muuzaji wa Kariakoo atakuambia "hii orijino bosi wangu, ya Uturuki". Ipokee kama salamu. Kitambaa chenyewe ndicho kitakachokuambia ukweli, na vipimo vyenyewe havihitaji maabara.

Kwanza elewa unachoshika. Katika denimu, mtande, yaani nyuzi za urefu, umetiwa nili, na mshindio, yaani nyuzi za upana, umeachwa mweupe. Kila uzi wa mtande unapita juu ya nyuzi tatu za mshindio kisha unazama chini ya mmoja. Ndiyo sababu nje ni bluu na ndani ni nyeupe, na ukitazama kwa karibu unaona mistari ya mshazari. Nili yenyewe hukaa kwenye ganda la uzi, haifiki katikati, kwa hiyo kitambaa kikisuguliwa mapajani na magotini weupe wa ndani hujitokeza. Mteja analipenda hilo, lakini linakupa kazi, kama utakavyoona kwenye kufua.

Uzito. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa usahihi, ukipime kwenye mizani ndogo ya kidijitali, kama ile ya masonara. Zidisha gramu ulizopata kwa 100, hapo una gramu kwa mita ya mraba. Gawanya kwa 34, una aunsi kwa yadi ya mraba, kipimo kinachotumika sana kwenye biashara ya denimu. Kipande chenye gramu 3.6 ni kitambaa cha gramu 360, yaani aunsi kama 10 na nusu. Kwa joto la Dar, mimi nakaa kati ya aunsi 9 na 11. Wapenzi wa denimu wa mitandaoni watakusifia aunsi 14 na kwenda juu. Hao wanakaa kwenye nchi zenye baridi. Mtu anayesimama kwenye mwendokasi mwezi wa pili hawezi kukushukuru kwa kumvalisha turubai. Chini ya aunsi 8 nako kuna tatizo: ni kitambaa cha shati, msamba hautadumu.

Moto. Chomoa nyuzi chache za mtande na chache za mshindio, uziwashe kando kando. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalosagika kidoleni. Poliesta inayeyuka, inajikunja na kuacha shanga ngumu. Vitambaa vingi vina mtande wa pamba na mshindio uliochanganywa, kwa hiyo usichome upande mmoja ukaridhika.

Msuguo. Chukua kitambaa cheupe kikavu, sugua nacho denimu mara ishirini. Kilowanishe kidogo, sugua tena. Denimu yoyote mbichi itaacha bluu kidogo. Ikiacha kitambaa cheupe kimekuwa cha sare ya shule, jua kuwa kochi la mteja wako na viti vya daladala vitapata shida.

Sasa kipimo cha kufua, ambacho usikiruke kwa sababu yoyote ile. Kata mraba wa sentimita 60, ndani yake chora mraba wa sentimita 50 kwa kalamu isiyofutika, pembe zikiwa sawasawa. Fua kama mteja atakavyofua, kwa maji ya kawaida na sabuni ya unga, anika, rudia mara tatu, kisha pima. Urefu uliokuwa 50 ukirudi 47.5, kitambaa kimerudi kwa asilimia 5. Denimu iliyotayarishwa vizuri kiwandani hurudi asilimia 1 hadi 3. Ambayo haikutayarishwa inaweza kufika 10. Zote zinafaa, mradi unajua iliyo mbele yako ni ipi. Tazama pia kama mraba bado ni mraba. Ukiwa umelala upande kama msambamba, suruali zake zitajisokota: baada ya kufuliwa mara mbili mshono wa ubavuni utakuwa umehamia mbele ya ugoko. Hakuna ushonaji unaotibu hilo. Kitambaa cha namna hiyo muachie mwenye duka.

Kuhusu kitambaa cha kuvutika: wateja wa kike wengi watakiomba, na pamba asilimia 98 na spandeksi asilimia 2 inatosha kabisa. Zaidi ya hapo unashona taitsi yenye mifuko. Kumbuka tu kwamba spandeksi huchoka kwa pasi ya moto na jua kali, ikaacha magoti yamefura. Nashawishika kuamini kuwa nusu ya wanaotaka mvutiko wanautaka kwa sababu hawajawahi kuvaa jinzi iliyowakaa.

Na usiandike "pamba ya Tanzania" kwenye lebo kama huna ushahidi. Tunalima pamba Simiyu, Shinyanga, Mwanza na kwingineko kanda ya ziwa, lakini sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa marobota ya pamba iliyochambuliwa, na denimu inayojaa Kariakoo ni ya kuagizwa. Sema kilicho kweli: imekatwa, imeshonwa na itarekebishwa Dar es Salaam.

Njia nyingine ya kitambaa ni mitumba yenyewe. Jinzi kubwa za kiume, namba 40 na kuendelea, haziendi haraka sokoni na wauzaji huziachia kwa bei ya chini. Zikifumuliwa zinatoa vipande virefu vya kutosha suruali ya mtoto, sketi, au mifuko na yoki (kipande cha juu ya mifuko ya nyuma) za rangi tofauti. Zimeshafuliwa mara nyingi, hazirudi tena. Gharama yake ni muda wa kufumua, kwa hiyo usizifanye ndiyo msingi wa kazi, zifanye toleo dogo la pembeni lenye bei yake.

Patani: hapa ndipo pesa ilipo

Chora patani ya karatasi ngumu, usikate kwa kukisia juu ya kitambaa hata kama fundi wako ana uzoefu wa miaka mingi wa kushona kadeti. Vipimo vya kuchukua ni kiuno pale suruali itakapokaa, hipsi sehemu nene kuliko zote, paja, goti, mzunguko wa chini, urefu wa ndani ya mguu, na kile ambacho wengi hukiacha: kutoka kiunoni mbele, kupita kwenye msamba, hadi kiunoni nyuma. Mtu akikaa, hicho ndicho kinachoamua kama suruali itashuka nyuma au la.

Pengo la kiuno kwa akina dada linatibiwa na vitu viwili. Cha kwanza ni yoki, kile kipande cha pembe tatu juu ya mifuko ya nyuma. Kazi yake ni kumeza tofauti ya hipsi na kiuno. Kadiri tofauti ilivyo kubwa ndivyo yoki inavyopaswa kuwa na kina katikati ya mgongo na kuisha nyembamba ubavuni. Jinzi nyingi za kontena zina yoki iliyonyooka, ya mapambo tu. Cha pili ni mkanda wa kiuno: ukate katika vipande vilivyopinda kufuata mwili, usiukate kama utepe ulionyooka. Unakula kitambaa zaidi kidogo, lakini mteja akivaa mara moja hataki kurudi kwenye ule wa zamani.

Ongeza kurudi kwa kitambaa kwenye patani. Unataka mguu wa ndani wa sentimita 80 baada ya kufua, na kitambaa kinarudi asilimia 5: gawanya 80 kwa 0.95, kata 84.2, kisha ongeza za pindo na mshono. Fanya hesabu ya upana peke yake, kwa sababu upana na urefu havirudi sawa. Andika juu ya patani ni ya kitambaa gani. Patani ya kitambaa kimoja ikitumika kwa kingine ndipo wanapopatikana wateja wa "niliifua mara moja tu".

Kabla ya denimu, kata sampuli kwa marekani nzito, uishone haraka, mvalishe mtu halisi. Mwambie akae kwenye kiti, achuchumae, apande ngazi mbili. Mikunjo inayotoka msambani kuelekea mapajani kama miale inaonyesha mkunjo wa msamba ni mfupi. Kitambaa kinachobwaga chini ya makalio kinaonyesha nyuma ni ndefu. Rekebisha karatasi, si suruali.

Anza na namba tano za kike na tano za kiume, na huduma ya kupimwa kwa oda. Usianze na mitindo minane.

Mashine na chumba

Kwa kuanzia unahitaji cherehani mbili za kiwandani za sindano moja, zile za nguo nzito. Ukienda dukani uliza hivyo hivyo, maana mashine ya aina moja huja kwa toleo la nguo nyepesi na la nguo nzito, na kwa macho zinafanana. Kwa nini mbili? Moja inafungwa uzi wa kawaida wa kuunganisha, ya pili inakaa na uzi mnene wa jinzi, ule wa rangi ya dhahabu, kwa mishono ya juu. Kubadilisha uzi na mkazo wake kila dakika tano ni kupoteza siku. Ya tatu ni ovaloki, ya kufunga kingo zisifumuke. Mashine ya matundu ya vifungo usiinunue bado. Mafundi wa Kariakoo wenye mashine hiyo wanatoboa kwa bei ya kipande, unapeleka mzigo mara moja kwa wiki. Riveti (vile vipini vidogo vya chuma kwenye pembe za mifuko) na vifungo vya kugonga vinataka presi ndogo ya mkono, ambayo haili umeme.

Kwenye mota usifanye ubahili. Mota za zamani za klachi huzunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, fundi ashone asishone, na LUKU inaisha huku anapanga vipande. Mota ya servo inazunguka mguu unapokanyaga tu, haipigi kelele, na mwanafunzi anaweza kuipunguza kasi. Mashine iliyotumika ya Kijapani ikiwekwa servo mpya mara nyingi inaishinda mpya ya bei rahisi. Kaa na cherehani moja ya miguu pembeni: umeme ukikatika, kazi ndogo kama lupu za mkanda zinaendelea.

Sindano namba 16 kwa kuunganisha, 18 kwa mishono ya juu, zile za denimu zenye ncha kali. Badilisha kabla haijavunjika. Ikianza kutoa sauti ya "tap tap" kwenye kitambaa, imeshakuwa butu.

Chumba kitafute kabla ya mvua za masika, uone maji yanapita wapi. Kodi ya bonde la Msimbazi ni nafuu kwa sababu inayojulikana. Mwenye nyumba atataka miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo ihesabu kodi hiyo kwenye mtaji, isije ikakula pesa ya kitambaa. Chini ya bati weka dari hata ya maboksi, na meza ya kukatia iwe na urefu wa mita mbili na nusu, ikimfika mkataji kiunoni. Mkataji anayeinama siku nzima atakuacha mwezi wa tatu.

Kukata

Legeza kitambaa usiku mmoja kabla ya kukata. Kikitoka kwenye jora kimevutwa, na ukikikata hapo hapo kitajirudi kikiwa mezani kama vipande.

Patani zote ziwe sambamba na ukingo wa jora. Mguu ukilala hata sentimita mbili nje ya uelekeo wa nyuzi unazunguka. Kwa kitambaa cha upana wa sentimita 150, suruali ya kawaida ya kiume inakula kama mita 1.2 hadi 1.4. Ukipanga suruali mbili au tatu kwa pamoja, namba kubwa na ndogo zikipishana, unaokoa zaidi kuliko kukata moja moja. Piga picha mpangilio uliofanikiwa, uubandike ukutani.

Vipande vya suruali moja vitoke sehemu moja ya jora lile lile. Rangi ya nili hubadilika taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho wa jora, na kati ya jora na jora tofauti inaonekana waziwazi juani. Andika namba kwa chaki nyuma ya kila kipande.

Mabaki ya kukata huwa asilimia 10 hadi 20 ya kitambaa. Yagawe hapo hapo kwenye magunia matatu: makubwa ya kutengenezea aproni, vikoba na pochi, ya kati ya viraka, ambayo utayahitaji, madogo ya wanaojaza mito na viti. Ukiyachanganya kwenye gunia moja yanageuka takataka ndani ya wiki. Mifuko ya ndani kata kwa marekani, au kwa mabaki ya kanga. Kipande chenye maneno ya jina la kanga kikikaa upande wa ndani wa mfuko, mteja anakigundua siku anatafuta chenji.

Kushona

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: tayarisha vidogo vyote kwanza, yaani lupu, mifuko ya nyuma na kale kamfuko kadogo ka mbele. Bandika mifuko ya nyuma kwenye vipande vya nyuma vikiwa bado bapa. Unganisha yoki, kisha mshono wa makalio. Hamia mbele: mifuko, zipu, unganisha mbele mbili. Sasa funga mbele na nyuma kwa mshono wa ndani ya miguu, kisha wa ubavuni, halafu mkanda wa kiuno, lupu, pindo la chini. Matundu, bataki (mshono mfupi mzito wa kukaza pembe) na riveti huja mwisho.

Yoki, makalio na ndani ya mguu tumia mshono wa kukunja, ule ambao kingo mbili zinafungiana na kushonwa mistari miwili. Ndani hakuna uzi unaoning'inia na mshono huo haufumuki kirahisi. Ubavuni ovaloki inatosha. Mishono ya kuunganisha iwe na hatua, yaani urefu wa kila pigo la sindano, ya milimita 2.5 hadi 3, ya juu milimita 3 hadi 3.5. Hatua fupi kuliko hapo inatoboa kitambaa kama stempu, na siku kikivutwa kinachanika kwenye mstari. Uzi mnene wa jinzi uweke juu tu. Kwenye bobini weka mwembamba zaidi wa rangi inayofanana, mkazo utatulia.

Pa kuangalia kwa makini ni pindo la chini, pale linapokutana na mshono wa ndani ya mguu. Mshono wa kukunja una tabaka nne. Pindo likikunjwa mara mbili linakuwa na tatu. Pale vinapokutana sindano inakabiliwa na tabaka kumi na mbili. Ukiukimbilia kwa kasi, mguu wa cherehani unainuka mbele kama pikipiki inayopanda tuta, meno yanakosa kitambaa, hatua zinakuwa fupi fupi na sindano inakatika. Dawa yake ni nyundo. Weka nundu juu ya kipande cha chuma au jiwe laini, gonga mara kadhaa hadi ilale. Rudi kwenye mashine. Ukifika ukingo wa nundu, simama sindano ikiwa chini, inua mguu, ingiza nyuma yake kipande cha denimu kilichokunjwa hadi kifikie kimo cha nundu, shusha mguu. Sasa umelala sawa. Vuka kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, hatua baada ya hatua, kisha kanyaga tena. Ni hivyo hivyo pale msambani mishono minne inapokutana, na kwenye ncha za mkanda wa kiuno. Mteja anayejua jinzi anageuza pindo hilo kwanza kabla ya kuuliza bei.

Riveti zilianza kwa sababu ya kazi. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Nevada, alikuwa akizigonga kwenye pembe za mifuko zilizokuwa zikichanikia wateja wake, na mwaka 1873 yeye na Levi Strauss wakapata hataza yake. Weka zako pale mkono unapovuta mfuko wa mbele. Mifuko ya nyuma ipige bataki tu; riveti hukwaruza viti na makochi ya watu.

Fundi mmoja mzoefu anayeshona suruali nzima peke yake usimpangie zaidi ya mbili au tatu kwa siku. Wakiwa watatu wamegawana hatua, idadi inapanda bila haraka. Unapotafuta watu, ulizia waliowahi kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo vya nje: wengine wameshona mkanda wa kiuno peke yake kwa miaka, na mikono yao haikosei. Wafundishe suruali nzima, watafurahi. VETA Chang'ombe nako ni mahali pa kutafuta vijana wanaotaka mazoezi.

Kufua na kupausha

Ushauri wangu ni mfupi: usipaushe. Jinzi zilizochakazwa kwa makusudi zina historia chafu. Kurusha mchanga kwa mashine ya upepo kuliwapa wafanyakazi wengi silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona, hadi Uturuki ikapiga marufuku mwaka 2009. Kupulizia potasiamu pamanganeti, dawa ya kupaushia, kwenye chumba kisicho na hewa nako kunadhuru anayeivuta. Na kumwaga Jiki kwenye beseni uani kunadhoofisha pamba pamoja na kutoa nili.

Uza suruali ikiwa imesuuzwa mara moja. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo kwa saa moja, ikiwa imegeuzwa ndani nje, isuuze, ianike kivulini. Hiyo inatoa rangi ya ziada na kumaliza sehemu kubwa ya kurudi kabla haijamfika mteja. Maji ya kuloweka yatumie kwa suruali zote za siku hiyo, nyeusi mwisho. Yakishachafuka usiyamwage kwenye mtaro wa mvua. Mitaro ya Dar inaishia Msimbazi na baharini. Yapeleke kwenye mfumo wa majitaka.

Karatasi za serikali

Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, chukua TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA, kisha leseni ya biashara kwenye halmashauri yako. Ukiajiri, kuna NSSF (hifadhi ya jamii), WCF (fidia kwa wafanyakazi) na usajili wa sehemu ya kazi OSHA (usalama na afya kazini). SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanatoa barua ya utambulisho kwa mjasiriamali mdogo anayetafuta alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, na maafisa wao wa mkoa wanajua mashine zinapouzwa. Kama ni kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, ulizia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, haina riba. Tunza kila risiti, hata ya uzi.

Bei

Chukua mfano huu, uweke namba zako. Kitambaa mita 1.3 kwa shilingi 12,000 ni 15,600. Zipu, kifungo, riveti, uzi, marekani na lebo 4,500. Ushonaji 10,000. Kukata, kupiga pasi na matundu 3,000. Kodi, umeme na mengineyo kwa mwezi ni 500,000. Ukitoa suruali 100, kila moja inabeba 5,000. Weka 1,900 ya marekebisho ya baadaye. Jumla 40,000.

Sasa mwezi mbaya, ukitoa 40 tu: mzigo wa kodi na umeme unakuwa 12,500 kwa kila suruali, na gharama inafika 47,500. Bei yako ipangwe kwa mwezi mbaya. Ukiuza 65,000 unapumua pande zote mbili. Ukiuza 45,000 kwa kuwa jirani anauza hivyo, mwezi mbaya unashona kwa hasara na hutajua hadi kodi ifike.

Mjomba na rafiki wa shule watataka "bei ya ndugu". Ipange mapema, kwa mfano punguzo la 5,000, na iwe moja kwa ndugu wote.

Oda ya kupimwa ichukuliwe kwa kianzio cha nusu bei kwa Lipa Namba. Bila kianzio, usikate. Mtaani mafundi tumechafuliwa jina kwa ahadi za "njoo kesho", kwa hiyo taja siku moja, andika kwenye risiti, na iongezee siku mbili za umeme kukatika. Ndani ya Dar mpelekee mteja kwa bodaboda. Mikoani, mzigo unaenda kwa basi kutoka Stendi ya Magufuli, na mteja anatumiwa picha ya stakabadhi. Kwenye picha za Instagram onyesha suruali imevaliwa na mtu mwenye mwili wa kawaida, nyuma ya kiuno ikionekana vizuri. Pengo likikosekana, kazi ya matangazo imekwisha.

Marekebisho

Toa dhamana ya mshono kwa mwaka mzima, bure, na kiraka kwa bei ndogo hata baada ya hapo. Kila suruali iwe na namba iliyoandikwa kwenye mfuko wa ndani, na namba hiyo iwe kwenye daftari pamoja na vipimo, patani na jora. Jinzi ikirudi, weka kiraka kutoka gunia la kati, ndani ya kitambaa, kikivuka tundu kwa sentimita mbili kila upande, kisha shona mistari ya kwenda na kurudi kufuata mtande kwa uzi wa bluu mwembamba. Mteja afue kabla ya kuleta. Liandike hilo mlangoni, bila aibu.

Halafu andika daftarini imechanika wapi. Magoti ni ya mvaaji. Pembe za mifuko ni za bataki yako. Msamba wa namba ile ile ukirudi mara ya tatu, chukua ile karatasi ya patani ukutani, ongeza nusu sentimita kwenye mkunjo wa nyuma, na uandike tarehe ya mabadiliko kabla ya kukata nyingine.